Pikipiki ya Zamani ya Kiitaliano Jijini Nairobi: Kuanzia Kuinunua Hadi Kuteremka Magadi

Mtu akitangaziwa Ducati au Moto Guzzi ya miaka ya tisini hapa Nairobi, swali lake la kwanza huwa imetembea kilomita ngapi. Muuzaji hujibu kwa fahari: elfu kumi na mbili tu, ilikuwa ya mzee mmoja wa Karen, imekaa gereji muda wote. Mnunuzi hufurahi, lakini mimi hapo ndipo wasiwasi unaponianza. Pikipiki hizi huzeeka kwa miaka kabla hazijazeeka kwa kilomita. Mkanda wa taimingi hukauka hata ukiwa umesimama, sili zinakuwa ngumu, mafuta ya breki yananyonya unyevu, tangi linashika kutu, betri inakufa. Ducati ya kilomita 45,000 inayoendeshwa kila wikendi na kufanyiwa sevisi kwa wakati ni salama zaidi kuliko ya 12,000 iliyolala miaka saba chini ya turubai.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini, uliza kitu kilibadilishwa lini kabla ya kuuliza kimetembea umbali gani.

Hatua ya 1: Chagua injini kwanza, rangi baadaye

Rahisi kuliko zote kwa mtu anayeishi huku ni Moto Guzzi. Kampuni hii ya Mandello del Lario ilianzishwa 1921, na kwa miongo mingi imeshikilia injini yenye silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua chochote. Le Mans ya 1976 na V11 Sport ya 1999 ni za ukoo huo. Kurekebisha valvu kunahitaji spana, bisibisi na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) tu. Cheni ya nyuma haina. Nguvu inafika gurudumuni kwa shafti. Fundi aliyezoea Volkswagen za zamani hatapotea humo ndani.

Zinazofuata ni Ducati za valvu mbili kwa kila silinda, zinazopozwa kwa hewa: 900SS, na Monster iliyoingia sokoni 1993 ikiwa kazi ya mchoraji Miguel Galluzzi. Kama ni pikipiki yako ya kwanza ya aina hii na moyo wako uko kwa Ducati, chukua mojawapo ya hizi. Zina valvu nne kwa jumla, hazina rediyeta, na sehemu nyingi unaziona bila kuvua maplastiki.

Kisha kuna 916. Massimo Tamburini aliichora, ikatoka 1994, na Carl Fogarty akaichukulia ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka huo na mwaka uliofuata. Ni nzuri mno, na nikiiona imeegeshwa mahali popote jijini lazima nisimame. Lakini ina valvu nane, kila moja na vipimo viwili, feni na rediyeta za kuangaliwa, na mkao unaokulaza juu ya tangi katika foleni ya Waiyaki Way. Itafute baada ya kumiliki nyingine kwanza, au kama tayari una fundi unayemwamini.

Aprilia RSV Mille ya 1998 haizungumziwi sana, na inastahili. Injini yake ilitengenezwa na Rotax wa Austria, kamshafti zake, yaani shafti zinazofungua valvu, zinaendeshwa kwa cheni, kwa hiyo hakuna mikanda ya kubadilisha. Inataka betri yenye nguvu kamili, la sivyo kuiwasha ni vita. Oili yake iko kwenye tangi la pembeni na husomwa injini ikiwa imepata moto. Ukiisoma ikiwa baridi utadhani imepungua, utaongeza, na utaijaza kupita kiasi.

Hatua ya 2: Siku ya kwenda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ina joto, kuna tatizo la kuwaka asubuhi ambalo hakutaka ulione. Omba kwa heshima urudi siku nyingine.

Ikiwa baridi, chukua tochi ya simu uanze kuzunguka. Fungua kifuniko cha tangi na umulike ndani. Kutu ya rangi ya chai kwenye pembe za chini inamaanisha kazi ya tangi, pampu na filta. Angalia kikopo cha mafuta ya breki mbele na cha klachi: yanatakiwa kuwa na rangi ya njano nyepesi. Yakiwa meusi, hakuna aliyeyabadilisha kwa miaka. Soma tarehe ya tairi. Ni tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT, na 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likizidi miaka sita, lihesabu kama la kutupwa hata likiwa na kashata nzima.

Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uangalie vile vizuizi vidogo vya chuma chini yake, pale shingo ya fremu inapogusana na mikono ya shokabso. Pikipiki iliyoanguka vibaya huacha alama hapo: kizuizi kimepinda, kimevunjika au kimechomelewa upya. Maplastiki yanaweza kupakwa rangi Industrial Area na yakapendeza. Shingo ya fremu haidanganyi.

Halafu iwashe. Ducati nyingi za enzi hii zina klachi kavu, isiyozama kwenye oili, na klachi kavu hugonga kama sahani za bati. Muuzaji atakuambia, "Boss, hiyo ni kawaida ya Ducati," na huenda anasema kweli. Jaribu hivi: bana mkono wa klachi, kelele izidi, achilia, ipungue. Hiyo ni klachi. Lakini mlio wa kugonga unaobaki vilevile ukibana na ukiachilia, na unaoongezeka kasi pamoja na injini, unatoka ndani. Ukiusikia huo, aga uende.

Mwisho, omba kuona risiti ya mikanda ya mwisho. Kama haipo, toa gharama ya mikanda na kupima valvu kwenye bei mnayozungumza, bila kuona haya. Utazilipa gharama hizo kabla hujaipeleka popote.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa ni kwa ufupi kwa sababu hakuna siri. Linganisha namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo na namba ya injini na zilizo kwenye logbuku, kwa macho yako mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Pikipiki za umri huu mara nyingi zimebadilishwa injini bila kuandikishwa. Fanya msako wa rekodi kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, na uhamisho wa umiliki ufanyike humo humo, mwenye jina akiwepo. Ukiambiwa mwenyewe yuko ng'ambo lakini "karatasi ziko sawa", subiri arudi.

Wazo la kuagiza ya zamani kutoka Uingereza au Japani huwajia wengi. Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa gari lililotumika linaloingizwa nchini, kwa hiyo ulizia KEBS (viwango) na KRA (ushuru) kabla ya kumtumia mtu yeyote pesa. Njia ya kawaida ni kutafuta iliyoandikishwa hapa tayari. Leseni yako iwe na daraja la A2, bima angalau ya mtu wa tatu, kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga. Hayo yote ni sheria.

Hatua ya 4: Kabla ya safari ya kwanza

Umeileta nyumbani, majirani wametoka kuiangalia, na kila mtu anataka uipige raundi. Usiende mbali. Kwanza badilisha kila kinachozeeka kwa muda, hata kama kinaonekana kizima: oili ya injini na filta yake, mafuta ya breki na klachi, kipozeo kama ina rediyeta, plagi, tairi, mipira ya petroli, mikanda. Hii ndiyo itakuwa tarehe yako ya kuanzia hesabu. Andika kila kitu na siku yake kwenye daftari moja linalokaa na pikipiki. Usiitegemee simu, kwani pikipiki itakaa na wewe kuliko simu.

Kwa zile za sindano za petroli, yaani zisizo na karbureta, filta iko ndani ya tangi na mipira yake inaloa petroli miaka yote. Mpira wa kawaida wa petroli unaouzwa kwa mita haukuundwa kuzama. Ukizama unavimba na kupasuka, na pampu inabaki inazungusha petroli humo humo tangini. Agiza ule wa kuzama. Tangi likiwa wazi, angalia pia zile koneksheni za plastiki zilizo chini yake. Zinavunjika kwa uzee, na zikivunjika petroli inamwagikia injini ya moto. Kuna za chuma zinazoingia mahali pale pale. Ningezibadilisha kabla ya kufikiria kununua kitu chochote cha urembo.

Kingine ambacho Nairobi itakufundisha mwezi wa Aprili: pembeni mwa kifuniko cha tangi kuna tundu dogo la kutoa maji ya mvua. Likizibwa na vumbi, maji yanajaa pale juu na kuingia tangini. Pitisha waya mwembamba polepole mpaka uone maji uliyomimina juu yanatokea chini.

Hatua ya 5: Mikanda na valvu

Hapa ndipo Ducati za zamani hufa, na hufa bila sababu.

Katika injini ya kawaida kamshafti hufungua valvu na springi huifunga. Fabio Taglioni alitaka kitu cha uhakika zaidi. Mwaka 1956 aliweka kwenye Ducati ya mashindano ya 125 mfumo wa desmo, ambao una roka moja ya kufungua valvu na nyingine ya kuifunga, na kufikia 1968 ukawa kwenye pikipiki za barabarani. Kwa hiyo valvu haiwezi kuchelewa kufunga hata injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Matokeo yake kwako ni kwamba kila valvu ina nafasi mbili za kupima, ya kufungua na ya kufunga. Kwa 900SS hivyo ni vipimo 8. Kwa 916 ni 16.

Tangu Pantah ya 1979, kamshafti hizo zinazungushwa na mikanda ya mpira yenye meno. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni inakutana na valvu iliyobaki wazi, na hapo umepoteza kichwa cha silinda, pengine na pistoni. Kawaida ya kiwanda kwa pikipiki za kipindi hiki ni kubadilisha mikanda kila miaka 2 au kilomita 20,000, kitakachotangulia, na kupima valvu kila kilomita 10,000. Kwa matumizi ya Nairobi, miaka 2 ndiyo itakayotangulia karibu kila mara. Usikubali mtu akuambie mkanda "bado uko fiti" kwa sababu hauna nyufa. Nyuzi za ndani ndizo zinazobeba mzigo, na hizo huzioni.

Kwa injini ya valvu mbili, mtu mwenye subira anaweza kubadilisha mikanda mwenyewe. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Inua gurudumu la nyuma, weka gia ya juu kabisa, na zungusha gurudumu kwa mkono mpaka alama za puli zilingane na alama za kwenye injini. Piga picha kutoka pembe kadhaa. Kisha chora alama zako mwenyewe kwa rangi nyeupe, kwenye puli na kwenye chuma kilicho kando yake, kwa sababu alama za kiwanda zikiwa na grisi hupotea.

Legeza roli inayosogea, ile inayokaza mkanda, toa mkanda, na zungusha kila roli kwa kidole. Iwe laini na kimya. Ukihisi chembechembe kama mchanga, beringi yake imekwisha, nayo ibadilishwe sasa, maana roli ikikwama itaukata mkanda mpya. Mkanda mpya usiukunje wala kuusokota. Ukiukunja umekata nyuzi zake kabla ya kuufunga. Uweke, kisha uukaze. Kwa injini hizi mafundi wengi hutumia funguo za Allen: wa mm 5 upite kati ya mkanda na roli isiyosogea, wa mm 6 usipite. Wengine hupima mlio wa mkanda kwa programu ya simu, wakaulinganisha na kiwango cha modeli yenyewe. Zote mbili zinafanya kazi mradi usikaze kwa kukisia, maana mkanda uliokazwa mno huua beringi za kamshafti.

Ukimaliza, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili. Alama zote zirudi mahali pake. Ukihisi chuma kinakataa njiani, simama, rudi nyuma, angalia. Usiguse kitufe cha kuwashia mpaka mizunguko hiyo ya mkono imepita bila kizuizi.

Kwa injini za valvu nne, mpe anayejua. Kamshafti zake zinaweza kuruka zenyewe mkanda ukitoka. Hata hivyo simama karibu na umwombe akuonyeshe uso wa roka. Kwa zile za miaka ya tisini, kromu yake huanza kubanduka vipande vidogo, na vipande hivyo vinaingia kwenye oili. Roka ikianza kubanduka, haina dawa isipokuwa kuibadilisha.

Na jinsi ya kumjua fundi mzuri? Mwulize nafasi ya kufunga valvu inatakiwa kuwa kiasi gani. Atakayekutajia namba papo hapo bila kuuliza ni modeli gani, mshukuru uende. Atakayesema "ngoja tuangalie kitabu" ndiye wako.

Hatua ya 6: Umeme

Watu husema umeme wa Kiitaliano ni mbovu. Ninavyouona mimi, waya zenyewe ni nzima. Matatizo yako kwenye maungio, yaliyokaa miaka thelathini yakishika kutu. Hiyo ni kazi ya wikendi moja na maltimita ya bei nafuu.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika usiku kucha iwe na volti 12.6 au zaidi. Washa injini, ipandishe mpaka mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, na upime tena: inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi. Ikipita 15, regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na inaichemsha betri.

Kabla ya kununua regyuleta, fuata waya za manjano zinazotoka kwenye altaneta mpaka kwenye koneksheni yake. Ivute utoe. Mara nyingi utakuta plastiki imegeuka kahawia na pini moja imeungua. Kutu huzuia umeme, kizuizi kinaleta joto, joto linayeyusha plastiki, na mwishowe regyuleta inalaumiwa. Kata koneksheni hiyo, unga waya kwa viungio vipya vilivyobanwa vizuri, funika kwa mpira wa kusinyaa. Kama regyuleta imefichwa mahali pasipo na upepo, tafuta pa kuihamishia ambapo hewa inapita.

Starta ikizunguka kwa uvivu hali betri ni nzima, weka ncha moja ya maltimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya starta yenyewe, kisha bonyeza kitufe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye kebo au kwenye rile. Rudia kwa upande wa hasi, kutoka betri mpaka kwenye chuma cha injini. Kebo za kiwanda ni nyembamba. Fundi wa umeme wa magari anaweza kukutengenezea nene zaidi za kipimo kile kile, na utashangaa pikipiki inavyoamka.

Hatua ya 7: Klachi na breki

Mafuta ya DOT 4 kila miaka 2, mbele, nyuma na klachi. Kwa Ducati, tazama ile silinda ndogo ya klachi upande wa kushoto, karibu na sproketi ya mbele. Sili yake ikichoka, mafuta mapya yanageuka meusi upesi, mkono wa klachi unalegea, na chini yake unaona unyevu uliochanganyika na uchafu wa cheni. Ukiyaona hayo, badilisha sili kabla hujakwama katikati ya jiji gia ikiwa imeingia.

Hatua ya 8: Mwinuko, baridi na foleni

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ina uzito pungufu kwa takriban moja ya sita ukilinganisha na ya Mombasa. Ducati ya sindano yenye kompyuta ya Marelli kwa kawaida hupima shinikizo la hewa na kupunguza petroli yenyewe. Karbureta haina akili hiyo. Iliyopangwa kwa nchi ya usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi mno hapa: plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi, injini ni nzito chini, petroli inaisha haraka. Dawa ni jeti kuu (tundu la petroli ndani ya karbureta) ya namba ndogo kidogo na kurekebisha polepole skrubu za silensa, yaani za injini ikizunguka bila kupewa mafuta, huku ukisoma plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ndiyo unayoitafuta.

Sasa angalia kinachotokea ukiteremka. Magadi iko karibu mita 600. Karbureta uliyoipanga vizuri kwa Nairobi sasa inapata hewa nzito zaidi na petroli haitoshi, tena joto la bondeni likiwa kali. Injini inapasua ukiachilia mafuta, inasitasita kwenye kasi ya wastani, na plagi zinaelekea kuwa nyeupe. Usipange kwa ukali wa mwisho wa Nairobi. Acha petroli izidi kidogo huku, ili ukifika chini isipungue. Na kwenye ile tambarare ya mwisho usishike mafuta yote kwa dakika nyingi mfululizo.

Upande wa pili kuna Limuru mwezi wa Julai. 900SS na Monster za karbureta zinajulikana kwa kuganda barafu kwenye karbureta hewa ikiwa baridi na yenye ukungu. Unapita mashamba ya chai vizuri tu, unafika makutano, injini inazima. Kaa dakika chache. Joto la injini litayeyusha barafu na itawaka. Kwa anayepita huko kila siku, kulikuwa na vifaa vya kupitisha oili ya moto kwenye karbureta, na bado vinapatikana vilivyotumika.

Kwa foleni, fanya jambo moja: badilisha sproketi ya mbele yenye meno 15 uweke ya 14. Gia za kiwanda zilipangwa kwa barabara kuu za Italia, na ukiziacha hivyo utakuwa unasugua klachi kavu kutoka Westlands mpaka mjini. Meno 14 yanaifanya iende taratibu bila kubana klachi. Gari zisiposonga kwa zaidi ya dakika moja, zima injini, hasa ile inayopozwa kwa hewa, kwa sababu bila mwendo haina kinachoipoza.

Hatua ya 9: Spea

Vitu vingi havina uraia. Beringi, oili sili, rile, fyuzi, plagi, vyote vina namba za kimataifa na vyote viko Kirinyaga Road na Grogan. Beba ya zamani mkononi, ioshe ili namba ionekane.

"Leta sampuli, boss. Ni ya Boxer?"

"Ni ya Ducati, lakini wewe soma namba tu."

Atasoma, ataingia nyuma, atatoka nayo. Lipa zaidi kidogo upate ya kampuni inayojulikana, kwa sababu feki nazo ni nyingi. Bushi, spesa au bolti isiyopatikana, mafundi wa leth wa Kariobangi Light Industries wanachonga ukiwapa ya zamani na vipimo. Nisingewapa kitu chochote cha breki.

Vya kuagiza ng'ambo ni vichache: mikanda, sahani za klachi, gasketi, shimu (vibati vya kurekebishia nafasi ya valvu), filta za petroli. Agizeni pamoja watu watatu au wanne ili mgawane usafiri na ushuru wa KRA. Usinunue mikanda ya akiba ya miaka kumi mbele, maana inazeeka hata kwenye kabati.

Hatua ya 10: Barabarani

Pikipiki hizi zinakaa chini, na matuta yetu mengi hayana rangi wala kibao. Ukiona matatu mbele inawasha taa za breki bila sababu, kuna tuta. Lipite wima, ukiwa umesimama kidogo kwenye vikanyagio, bila kushika breki ya mbele juu yake. 916 usukani wake unakata kidogo sana, kwa hiyo usijaribu kugeuza kwenye barabara nyembamba yenye mteremko. Endelea mpaka upate nafasi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, vumbi na dizeli vikielea pamoja juu ya lami, hasa kwenye mizunguko.

Kwa safari ya kwanza ndefu, Red Hill mpaka Limuru inatosha: kona nzuri, uko karibu na nyumbani, na kitu kikikataa utapata lori la kukubeba. Mteremko wa Mai Mahiu una mandhari lakini una malori yenye breki za moto na ukungu, na sioni raha yake juu ya pikipiki ya kuinamia.

Barabara ya Magadi ndiyo zawadi. Toka Jumapili alfajiri, jaza tangi Kiserian kwa sababu baada ya hapo vituo ni haba, na ukipita Corner Baridi bonde lote linafunguka mbele yako. Kona zinafuatana mpaka Olepolos, na hapo ndipo utaelewa kwa nini watu walisumbuka kutengeneza pikipiki ya namna hii: inaingia kwenye kona ikiwa imetulia, mlio wa silinda mbili ukirudi kutoka kwenye miamba. Tazama mbali, maana mifugo huvuka bila taarifa, na mbuzi mmoja akivuka subiri wenzake. Simama Olorgesailie, zima, iache ipoe ukinywa maji, na chuchumaa uangalie chini ya injini kama kuna tone jipya. Kama oili iko sawa na hakuna harufu ya petroli, endelea mpaka ziwani. Anza kurudi kabla ya saa tano, kwa maana kupanda ule mlima juani ndiko kunakochosha injini kuliko safari nzima ya kushuka.